Redio ya Ndege Inapoharibika: Kazi ya Karakana na Nafasi kwa Vijana wa Kisii na Nyamira

Wakazi wengi wa Kisii na Nyamira huziona ndege kwa karibu katika sehemu mbili: kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Suneka, na katika viwanja vya shule ambako helikopta hutua wakati wa mikutano na mazishi. Mwananchi huona propela na vumbi. Nyaya na visanduku vinavyomwezesha rubani kumsikia mwongoza ndege, kusemezana na mwenzake na kuona ramani au hali ya hewa kwenye skrini havionekani kwa nje.

Vifaa hivyo huharibika kama redio au televisheni ya nyumbani inavyoharibika. Tofauti ni kwamba redio ya nyumbani ikinyamaza, familia hukosa taarifa ya habari. Redio ya ndege ikinyamaza katikati ya mawingu, maisha ya watu huwa hatarini. Ndiyo sababu matengenezo yake yana sheria, karakana maalum na mafundi waliosomea kazi hiyo. Kazi hii pia ni nafasi ya ajira kwa vijana wenye mkono wa elektroniki.

Vifaa vinavyohusika

Vifaa vya sauti ni pamoja na redio za mawasiliano, kisanduku ambacho rubani hutumia kuchagua redio ya kusikiliza, hedifoni na maikrofoni za marubani, mtambo wa kusemezana ndani ya ndege, na vipaza sauti vinavyotumika kuwatangazia abiria. Vifaa vya picha ni skrini zilizo mbele ya rubani, kamera zinazofungwa kwenye baadhi ya ndege, na skrini za burudani katika ndege kubwa za abiria. Kinasa sauti cha chumba cha rubani nacho kimo katika kundi hili.

Redio ya ndege haifanani na ya matatu. Mazungumzo ya marubani hutumia masafa ya kati ya megahezi 118 na 137, kwa mfumo wa AM badala ya FM. Sababu yake ni ya usalama. Katika FM, kituo chenye nguvu hukifunika kilicho dhaifu kabisa. Katika AM, watu wawili wakizungumza kwa wakati mmoja, msikilizaji husikia mluzi au sauti zilizochanganyika, na hujua kwamba kuna mwingine anayejaribu kuongea. Katika viwanja visivyo na mnara wa kuongozea ndege, marubani hutangaziana kwa redio mahali walipo na wanachokusudia kufanya. Hapo redio huwa ndiyo macho ya pili ya rubani.

Udhaifu wa AM ni kwamba hunasa mikwaruzo ya radi. Gusii ni eneo la milima lenye ngurumo nyingi za alasiri kwa sababu ya hewa yenye unyevu inayotoka upande wa Ziwa Viktoria. Kwa hiyo rubani akilalamika juu ya mikwaruzo, swali la kwanza la fundi ni kama kelele hizo hutokea siku zote au wakati wa mvua tu.

Kwa nini fundi wa mtaani hatengenezi redio ya ndege

Mafundi wa redio na simu mjini Kisii, Keroka au Nyamira ni hodari, na wengi wao wanaweza kupata ubovu kwa haraka. Hata hivyo, sheria haiwaruhusu kugusa kifaa cha ndege, na sababu zake ni za msingi.

Kwanza ni umeme. Nyumbani hutumika volti 240 zenye mizunguko 50 kwa sekunde. Ndege ndogo hutumia umeme wa moja kwa moja wa volti 14 au 28, nazo ndege kubwa hutumia pia volti 115 zenye mizunguko 400 kwa sekunde. Pili ni mazingira. Kifaa cha ndege hutikisika kwa saa nyingi, hupata baridi kali angani, kisha hurudi kwenye joto na unyevu wa ardhini. Solda inayodumu miaka kumi sebuleni inaweza kupasuka mapema ndani ya ndege.

Tatu ni asili ya vipuri. Fundi wa mtaani akikosa kapasita, huchomoa nyingine kwenye redio kuukuu na kazi ikaendelea. Katika karakana ya ndege hilo ni kosa kubwa. Kila kipuri huja na karatasi zinazoonyesha kilikotengenezwa na kilikopitia. Kipuri kisicho na karatasi hakifungwi, hata kiwe kipya.

Kifaa kinavyopita karakanani

Rubani anaporipoti hitilafu, huiandika katika daftari la ndege. Fundi wa uwanjani hujaribu kifaa kikiwa ndani ya ndege, hukagua plagi na nyaya, na mara nyingi huking'oa na kufunga kingine kizima ili ndege isikwame. Kibovu hubandikwa lebo na kupelekwa karakanani. Nchini Kenya, karakana nyingi za aina hii ziko Nairobi, katika Uwanja wa Wilson unaohudumia ndege ndogo na katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta.

Karakanani kazi hufuata mpangilio.

1. Mapokezi. Namba ya aina ya kifaa na namba yake ya pekee huandikwa, pamoja na maelezo ya hitilafu. Maelezo kama "haifanyi kazi" humpotezea fundi muda. Maelezo kama "sauti hukatika ndege inapopaa, hurudi ikitulia" humwelekeza moja kwa moja kwenye kiungo kinacholegea kwa mtikisiko.

2. Ukaguzi wa macho na pua. Kabla ya kuwasha umeme, fundi hutafuta skrubu zilizolegea, kutu kwenye pini, alama za maji na harufu ya kuungua. Hitilafu nyingi za sauti hutokana na mambo madogo: pini iliyopinda, waya wa hedifoni uliochoka, au kitufe cha kuzungumzia kilichojaa uchafu.

3. Majaribio mezani. Kifaa huunganishwa na vyombo vinavyoiga ndege. Fundi hupima nguvu ya kutangaza, usahihi wa masafa, uwezo wa kupokea mawimbi dhaifu na usafi wa sauti. Kwa skrini, hupima mwangaza, rangi na mistari iliyokufa. Vyombo vya kupimia navyo hukaguliwa usahihi kwa vipindi vilivyowekwa. Kikiwa kimepita tarehe yake, hakitumiki.

4. Kufungua na kutengeneza. Fundi huvaa ukanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi, kwa kuwa umeme tuli wa mwili wa binadamu, ambao yeye mwenyewe hausikii, unaweza kuharibu vipande vidogo vya elektroniki. Hufuata kitabu cha mtengenezaji hatua kwa hatua. Kumbukumbu pekee haitoshi, hata kwa fundi wa miaka ishirini.

5. Majaribio ya mwisho na cheti. Vipimo vyote hurudiwa na matokeo kuandikwa. Mtu aliyeidhinishwa hutia sahihi cheti cha kuruhusu kifaa kirudi kazini. Bila cheti hicho, kifaa kizima huhesabiwa sawa na kibovu.

Kutengeneza na kukarabati kikamilifu ni mambo mawili tofauti. Kutengeneza ni kuondoa hitilafu iliyopo. Kukarabati kikamilifu ni kufungua kifaa chote, kukisafisha, kukagua kila sehemu, kubadilisha zilizochakaa na kukipima upya kwa viwango vya kitabu, hata kama hakuna aliyelalamika.

Kinasa sauti na ajali ya Douala

Umuhimu wa kazi hii huonekana zaidi ajali inapotokea. Kinasa sauti hurekodi mazungumzo na milio yote ya chumba cha rubani. Huitwa kisanduku cheusi, lakini hupakwa rangi ya machungwa ili kionekane kwa urahisi. Vya zamani vilihifadhi dakika 30 za mwisho, vilivyofuata vikahifadhi saa 2, na viwango vya sasa vinataka saa 25 kwa ndege kubwa mpya. Sehemu ya kumbukumbu hutengenezwa kustahimili moto wa nyuzi 1,100 za Selsiasi kwa saa moja. Kikizama majini, king'ora chake hulia kwa siku 30 au zaidi, na vipya hufikia siku 90.

Wakenya wanakumbuka ajali ya ndege ya Kenya Airways, safari ya KQ507, iliyoanguka muda mfupi baada ya kupaa Douala, Kameruni, tarehe 5 Mei 2007. Watu wote 114 walifariki. Kinasa sauti na kinasa data vilipatikana. Sauti zilionyesha kwamba neno la kuashiria mtambo wa kujiendesha lilitamkwa, na data ikaonyesha kwamba wakati huo mtambo haukuwa umewashwa. Ndege iliendelea kuinama upande mmoja gizani bila kutambuliwa mapema. Ripoti ya uchunguzi ilitolewa mwaka 2010. Bila maikrofoni iliyokuwa nzima na kinasa kilichotunzwa, familia za waliopotea zisingepata maelezo hayo.

Kelele zinazotoka ardhini

Kuna hitilafu ambayo hakuna karakana inayoweza kuiondoa, kwa kuwa chanzo chake hakiko ndani ya ndege. Vituo vya FM hutumia megahezi 87.5 hadi 108. Vifaa vya kuongozea ndege huanzia papo hapo kwenye 108. Mtambo wa FM uliofungwa vibaya au unaotangaza bila leseni unaweza kumwaga mawimbi nje ya mipaka yake hadi kwenye masikio ya rubani. Mwananchi anayetaka kuanzisha kituo cha redio, kikiwemo cha kanisa au cha chuo, sharti apate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na atumie mafundi wanaotambuliwa.

Njia ya kijana kuingia kazini

Anayesimamia usalama wa ndege nchini ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga ya 2013. Mamlaka hii huidhinisha karakana, huidhinisha vyuo na hutoa leseni za mafundi. Leseni hutofautiana kwa fani, na fani ya elektroniki za ndege ndiyo inayobeba sauti na picha.

Msingi hujengwa nyumbani. Hisabati, Fizikia na Kiingereza ni muhimu, kwa kuwa vitabu vya watengenezaji huandikwa kwa Kiingereza na kosa la kusoma linaweza kugharimu maisha. Mafunzo ya umeme na elektroniki yanayotolewa katika vyuo vya ufundi, kikiwemo Kisii National Polytechnic, humpa kijana mkono wa kazi. Hata hivyo, cheti cha elektroniki pekee hakimruhusu kutengeneza kifaa cha ndege. Sharti aendelee katika chuo kilichoidhinishwa na KCAA, kama vile East African School of Aviation kilichoko Embakasi, kisha afanye kazi kwa miaka kadhaa chini ya usimamizi kabla ya kupata leseni.

Mzazi asilipe karo kabla ya kuhakikisha mambo matatu:

- Chuo kimo katika orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na KCAA, na idhini hiyo inahusu kozi yenyewe inayotangazwa. Chuo kinaweza kuwa na idhini ya kufundisha wahudumu wa ndege na kisiwe na ya kufundisha mafundi.
- Malipo yanakwenda kwenye akaunti ya chuo na risiti inatolewa. Asilipe kwa simu ya wakala.
- Hakuna anayeahidi leseni bila mtihani wala kazi bila mafunzo. Ahadi kama hiyo ni dalili ya utapeli.

Nani anahusika na nini

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, usafiri wa anga na utangazaji wa redio ni majukumu ya Serikali ya Kitaifa. Vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la kaunti. Kwa hiyo masuala ya leseni za mafundi na karakana hupelekwa KCAA, na malalamiko ya mitambo ya FM hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano. Kijana anayetaka kuanza na msingi wa umeme na elektroniki katika chuo cha kaunti anaweza kuulizia nafasi na basari katika ofisi ya wadi yake.