Balbu au Jiko?

Je, mwajua kwamba balbu ya kizamani, ile ya uzi ndani, ni jiko kuliko taa? Stima inayokula karibu yote hugeuka joto. Mwanga ni kama asilimia 5 tu!

Ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulianza kuzipiga marufuku mwaka wa 2009, zile za wati 100 zikitangulia. Wajerumani wengine walinuna, wakazinunua kwa wingi na kuweka akiba. Mwaka wa 2010 mhandisi mmoja na shemeji yake walianza kuziuza kwa jina Heatball, eti ni vyombo vya kupasha joto, si taa. Watu wa forodha wakazizuia. Nilicheka sana, lakini kwa kweli hawakudanganya!

Wanaopinga sheria hizo husema mnunuzi aachwe ajichagulie. Haya, tupige hesabu. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula yuniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9, mwanga ule ule, hula 1.35. Dukani utaona bei ya balbu, hiyo ya stima huioni. Tena anayechagua siye anayelipa kila mara. Kwetu balbu iliwekwa na landilodi. Tokeni hununua mama.