Ramu ya Nazi: Jina na Asili Yake

Ile "-a" ya uhusiano katika Kiswahili yabeba maana nyingi, na mara nyingine huficha jambo badala ya kulifunua. Tembo la mnazi hutoka katika mnazi wenyewe: mgema huparaga, hukata ncha ya karara, nao utomvu hutona kibuyuni hata ukachacha. Ama ramu ya nazi haitoki katika nazi. Hiyo ni pombe ya miwa iliyotiwa ladha ya nazi, pengine pamoja na viungo kama mdalasini, karafuu na vanila.

Ramu ilianza kujulikana katika visiwa vya Karibi, hasa Barbados, katikati ya karne ya 17, baada ya mashamba ya miwa kuenea kisiwani humo tangu miaka ya 1640. Sukari ikisha kuganda, hubaki molasi, yaani maji mazito meusi yenye utamu. Molasi hutiwa maji, huachwa ichache kwa hamira, kisha huchemshwa, na mvuke wake hupozwa ukawa kileo kikali. Mwaka 1654 baraza la koloni la Connecticut, Amerika ya Kaskazini, liliamuru kileo hicho cha Barbados kitwaliwe kila kitakapoteremshwa, likakitaja kwa jina la ramu na kwa jina jingine lenye maana ya "muua shetani". Wengi wa watu walioikata miwa hiyo na kuikamua walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani. Sheria ya kuukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilipitishwa mwaka 1833, ikaanza kutumika 1834.

Muwa nao si mmea wa asili wa Karibi. Ulianza kulimwa Guinea Mpya, na Christopher Columbus aliupeleka Karibi mwaka 1493. Kadhalika mnazi. Utafiti wa nasaba za minazi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha makundi makubwa mawili, moja la Bahari ya Pasifiki na moja la Bahari ya Hindi. Minazi ya pwani za Atlantiki ni ya kundi hili la pili. Baada ya Vasco da Gama kufika Msumbiji, Mombasa na Malindi mwaka 1498, Wareno waliichukua mbegu ya mnazi hadi visiwa vya Cape Verde, na katika karne ya 16 ikavuka hadi Karibi. Basi mnazi wa Karibi una udugu na mnazi wa pwani ya Waswahili. Karafuu asili yake ni Maluku, na mdalasini ni Sri Lanka. Vanila ndiyo ya Amerika.

Kileo kikali cha mnazi wenyewe kipo. Huko Sri Lanka tembo huchemshwa na mvuke wake kupozwa, ikapatikana araki, neno la Kiarabu ambalo maana yake ya asili ni jasho, kwa kufananisha matone ya mvuke.

Methali "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" yamlaumu mgema, walakini yamtaja. Jina "ramu ya nazi" halimtaji mkata miwa, wala muwa wenyewe. Kwa hiyo "ramu yenye ladha ya nazi" ndiyo istilahi iliyo sahihi zaidi, kwani humwacha msomaji aulize ramu hiyo imetoka wapi.