Moto wa gesi ukizimika, nani anafunga gesi?

Uji ukifurika na kuzima moto, gesi huendelea kutoka. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutanda chini, na cheche moja yatosha kuilipua.

Baadhi ya majiko yana kijiti cha chuma kando ya moto. Kikipata joto hutoa umeme kidogo sana unaoshikilia vali iwe wazi. Moto ukizimika, kijiti hupoa na vali hujifunga. Ndiyo maana unapowasha unabonyeza swichi kwa sekunde chache: kijiti kinapata joto kwanza.

Majiko mengi madogo yanayokaa juu ya mtungi hayana kijiti hiki. Usiondoke jikoni. Moto ukizimika, funga mtungi, fungua mlango na madirisha, na usiwashe kiberiti wala taa mpaka harufu iishe.