Hesabu ya Tangi la Maji ya Bahari

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Watu wengi huutumia msemo huu kwa mambo ya duka na shamba, lakini mimi nimeona ya kuwa wafaa hata kwa tangi la kioo lenye maji ya bahari. Nyumbani kwetu Tanga tunalo tangi la namna hiyo, la lita 100. Ndani yake mna samaki wawili, konokono wa bahari wachache, na tumbawe moja hai lililokuzwa kutokana na kipande cha tumbawe la tangi la jirani. Kazi ya kulitunza nimepewa mimi, na baba aliniambia ya kwamba mtu akimfungia kiumbe ndani, amechukua deni la kumpatia kila anachohitaji. Basi nataka kuwaeleza wasomaji jinsi madini ya maji hayo yanavyopotea, na jinsi ya kuyarudisha.

Kila kilo 1 ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi. Lakini hiyo si chumvi ya jikoni peke yake. Katika kila lita mna kalsiamu karibu miligramu 420, na magnesiamu karibu miligramu 1,300, na madini mengine mengi. Meli ya Kiingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari za dunia tangu mwaka 1872 hata 1876, ikachota maji mahali pengi. Mwanakemia William Dittmar alipima sampuli 77 za maji hayo. Matokeo yake yalitolewa mwaka 1884, nayo yalionyesha ya kuwa bahari moja yaweza kuizidi nyingine kwa chumvi, lakini uwiano wa madini makuu hubaki karibu ule ule. Bahari ni kubwa mno, hata viumbe vyake haviwezi kuivuruga hesabu hiyo upesi. Tangi la lita 100 si hivyo.

Katika tangi mna hasara za namna mbili. Hasara ya kwanza ni ya maji. Maji hupanda hewani kama mvuke, lakini chumvi haipandi nayo. Zikipotea lita 10 katika lita 100, chumvi iliyokuwa gramu 35 hufika karibu 39 kwa lita. Mtu akijazia maji ya bahari, huongeza chumvi juu ya chumvi. Dawa yake ni kujazia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tena yaliyochujwa vizuri, kidogo kidogo kila siku.

Hasara ya pili haionekani kwa macho, maana maji hayapungui hata kidogo. Tumbawe hujenga mifupa yake, na konokono hujenga gamba lake, kwa kuchukua vitu viwili majini: kalsiamu na kaboneti. Viwili hivyo vikiungana huwa kitu kigumu cheupe, jamii moja na chaki na mawe ya chokaa. Kaboneti hupimwa kwa digrii, na maji ya bahari yana kati ya digrii 6 na 7. Vipimo vyake ni rahisi: dawa hutiwa tone kwa tone hadi rangi igeuke, kama tufanyavyo katika maabara ya shule.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Kila kaboneti inaposhuka digrii 1, kalsiamu hupungua miligramu 7 tu kwa lita. Muhula uliopita tumbawe letu lilikuwa limekua sana, na yale maji mapya ninayobadilisha kila Jumamosi hayakulitosha tena. Likaacha kukua, na rangi yake ikafifia. Muuzaji mmoja wa vifaa vya samaki alitushauri tununue kalsiamu. Nilipopima, kalsiamu ilikuwa 400, yaani imepungua sehemu moja tu katika ishirini, lakini kaboneti ilikuwa imetoka digrii 7 hadi 4. Njaa ya tumbawe ilikuwa ya kaboneti.

Nilitumia magadi soda safi ya kuumulia maandazi, wala si magadi ya mawe. Gramu 1 na nusu huongeza karibu nusu digrii katika lita 100. Nilirudisha nusu digrii tu kwa siku, maana badiliko la ghafula huumiza viumbe kuliko upungufu wenyewe.

Kwa mahitaji ya kila siku, maji ya chokaa yanafaa zaidi, kwa sababu hurudisha kalsiamu na kaboneti kwa uwiano ule ule zilivyotumika. Hutiwa gramu 2 za chokaa safi iliyozimwa katika lita 1 ya maji baridi, ikaachwa itulie, na yale maji meupe kama kioo ya juu ndiyo yatumikayo. Tangi letu hutumia karibu theluthi moja ya digrii kwa siku, na robo lita ya maji hayo yatosha. Yadondoshwe polepole usiku, kwa kuwa ni makali. Chokaa huunguza macho na ngozi, kwa hiyo mimi huvaa mipira ya mikono. Chokaa ya kupakia kuta isitumiwe, maana yaweza kuwa na uchafu.

Magnesiamu nayo isisahauliwe. Kazi yake ni kuzuia kalsiamu na kaboneti zisiungane zenyewe majini. Ikipungua sana, ukoko mweupe hujenga juu ya pampu, na dawa yote unayotia hupotea bure.

Kwa hiyo ninalo daftari. Kila siku naandika kimo cha maji; mara mbili kwa juma naandika kaboneti; mara moja kwa mwezi kalsiamu na magnesiamu. Mwenzangu atakaye kuanza, namsihi asing'oe tumbawe baharini, bali atafute kipande kilichokuzwa. Tena anunue daftari na vipimo kabla ya kununua kiumbe, kwa sababu tumbawe halilii wala halibishi hodi linapopungukiwa.