Mwasumini wa Mama Ulinifia Mkononi

Mimi, ndugu msomaji, ni mtu wa kalamu. Nimezaliwa Mji wa Kale wa Mombasa, mahali ambapo nyumba zimeegemeana na shamba la mtu ni lile liwezalo kuenea ndani ya debe. Hata nilipotimiza miaka 47 sikuwa nimepata kupanda hata mchicha. Kazi hiyo ilikuwa ya marehemu mama. Alikuwa na mwasumini wake juu darini, ndani ya pipa lililokatwa nusu. Jua likikaribia kutua hupanda na sahani akachuma matumba kabla hayajafunguka, kwani asumini hufunguka usiku, kisha akakaa kutunga vikuba pamoja na mrehani. Akiwapa majirani. Hakuuza hata siku moja.

Mama alifariki mwezi wa Novemba. Baada ya khitma ya arubaini, dada yangu aliyeolewa Malindi aliniambia, "Kaka, vyombo na nguo tumegawa. Huo mwasumini nakuachia wewe. Usije ukaufisha."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoniingia. Tangu siku hiyo nikawa kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga. Nikitoka kuswali Alfajiri, kabla ya chai, niko darini na ndoo. Nikirudi kazini, ndoo nyingine. Kaskazi ilikuwa ikiwaka, nami nikahofu kiu. Majani ya chini yakageuka manjano, nikaongeza maji. Nikauburura kivulini, kesho nikaurudisha juani. Tena maji yenyewe nikiyateka kisimani, na visima vyetu vingi vina chumvi. Kingo za majani zikaungua. Mwezi wa Machi nililishika shina, likanifuata mkononi zima zima. Mizizi ilikuwa myeusi, imeoza, inanuka. Maskini ule mti, niliuzamisha kwa mapenzi.

Dada akipiga simu nilimjibu, "Uko, uko." Uongo wa mtu mzima, wa kuona haya kuuandika hapa! Watu husema upo mkono unaoshika miti na mkono usioshika. Nami nikajihukumu kuwa wangu ni huo wa pili. Pipa nikalifunika gunia.

Jirani yangu ni bibi mmoja mtu mzima anayeuza asumini kizingitini mwake. Siku moja alinisimamisha. "Mwanangu, lile pipa la mamako mbona limevaa gunia?"

Nikamweleza yote, macho yangu chini, nikingoja lawama. Alicheka mpaka akashika mlango. "Umefisha mmoja tu? Ingia ndani."

Ukumbini nyuma palikuwa na makopo kama 20 ya samli na ya maziwa, na mengi yalikuwa na vijiti vikavu. "Hiki kimekufa, na hiki, na hiki. Hiki kimeshika." Alivitaja kama muuza samaki anayehesabu changu, bila haya yoyote. Mwanamke ambaye mtaa mzima wamsifu mkono wake! Sisi wapita njia twaona maua ya mlangoni tu. Makopo ya nyuma hatuyaoni.

Basi akanifundisha. Kijiti kisizidi shubiri, kiwe na mafundo matatu au manne, mawili yaingie ardhini. Majani ya chini yaondolewe. Mchanga uchanganywe na samadi kavu ya mbuzi, kopo litobolewe kwa msumari, likae kivulini. Na maji? "Tia kidole. Kikitoka kikavu, nywesha, na yawe maji ya mvua. Kikitoka na unyevu, wende zako ukaswali."

Akaanza kukata vijiti 10 katika mti wake. Nikamzuia: "Bi Mkubwa, mimi nina pipa moja tu."

"Ukipanda kimoja hutalala," akasema. "Na mti huu wadhani umetoka wapi? Mamako alinipa kijiti mwaka niliohamia mtaa huu."

Nilikaa chini hapo hapo. Kijiti kikishika huwa ni mti ule ule kiliokatwa, haukuzaliwa mwingine. Miezi yote ile mwasumini wa mama ulikuwa hatua kumi kutoka mlangoni pangu, nami nimeomboleza juu ya pipa tupu.

Nikavipanda Aprili, masika yalipoanza. Viwili vilioza wiki ile ya pili. Kimoja nilikiua mwenyewe kwa kukichomoa kutazama kama kina mizizi. Kufika mwisho wa Mei vinne vilikuwa na majani mapya. Kimoja katika hivyo upepo wa kusi ulikiangusha kutoka darini. Vikabaki vitatu, nami nashangaa kuwa usiku nililala. Kazi ngumu ilikuwa kupogoa. Yule bibi alisisitiza, kwa kuwa asumini huchanua kwenye machipukizi mapya, lakini kisu kilinitetemeka.

Novemba yakatoka matumba. Nilimpigia dada simu nikaanza na ule uongo kabla ya habari njema. Alinyamaza kitambo.

"Mangapi?"

"Kumi na manne."

Alikuja Ijumaa. Akapanda darini peke yake, akakaa huko mpaka adhana ya Magharibi. Aliposhuka akaniambia, "Nikatie kijiti kimoja nende nacho Malindi."

Nikamkatia kumi.