Kabla ya Theluji Kufika

(Mazungumzo ya redioni. Masomo: Mithali 31:10–31 na 2 Timotheo 4:9–21)

Leo tumekuja wawili, bwana na bibi, nasi twaomba mtuvumilie, maana habari yetu yaanza na kitu ambacho wengi wenu hamjakigusa kwa mkono.

Fungueni Mithali sura ya 31. Sura hii husomwa sana siku za arusi na siku za akina mama, hata wengine wetu twadhani twaijua yote. Lakini tazameni mstari wa 21. Hapo mwandishi ataja theluji. Atuambia kwamba yule mwanamke haihofii kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake. Kwa nini? Si kwamba theluji ya nchi yao ilikuwa haba, wala si kwamba mama huyu alikuwa na moyo wa simba. Alikuwa amekwisha kuwavika. Kazi ile aliifanya mapema, siku za jua.

Sisi wa Kenya theluji twaiona kwa mbali juu ya Kirinyaga, asubuhi kabla mawingu hayajafunika. Tuliisoma sura hii miaka mingi bila kusimama hapo. Tulisimama tulipokwenda kukaa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako mmoja wetu alikuwa masomoni.

Ndugu wa kanisa lililotupokea walitupa nyumba ya zamani ya mbao tukae bila kodi, kwa sharti moja tu: tuitengeneze kwa mikono yetu, nao wangetusaidia kununua vifaa. Tulifika mwezi wa Agosti. Jua lilikuwa kali kama la Kisumu. Mzee mmoja wa kanisa hilo, seremala aliyekwisha kustaafu, alikuja akaizunguka nyumba polepole, akagonga mbao kwa kidole, akachungulia chini ya sakafu, kisha akasema, "Mna wiki kumi." Tukacheka, tukidhani ni mzaha wa mzee.

Ndipo ugomvi ulipoanza kati yetu. Mmoja wetu alitaka tuanze na rangi ya mbele, maana nyumba ilikuwa imechakaa na wapita njia walikuwa wakitutazama. Mwingine alitaka tuanze darini. Tumekubaliana tusiwaambie ni nani alitaka nini. Rangi ilishinda. Tulikwangua, tukapaka, tukatengeneza ngazi za barazani, na fedha nyingi zikaishia hapo. Ilipofika Oktoba nyumba ilipendeza, watu wakatusifu, nasi wenyewe tulikuwa hatusemezani ila kwa mambo ya lazima.

Sasa ngojeni tuwaeleze jinsi nyumba inavyopoteza joto, maana hata sisi hatukujua. Hewa yenye joto hupanda juu. Ikikuta nafasi darini hutoka, na inapotoka huivuta hewa ya baridi iingie kwa chini, kupitia nyufa za msingi, chini ya mlango na kandokando ya madirisha. Kwa hiyo mtu aweza kuketi karibu na moto, miguu ikiganda, huku moto wake ukipasha joto ndege wa angani. Kuongeza moto hakusaidii sana. Moto ukizidi, hewa hupanda kwa nguvu zaidi, na baridi huvutwa zaidi.

Dawa yake ni hewa iliyotulia. Nanyi mwaijua dawa hii, ingawa labda hamkuiita hivyo. Wazee wetu walipolala katika nyumba za nyasi hawakupata baridi kama tunayopata sisi chini ya mabati. Katika nyasi mna hewa nyingi iliyonaswa, nayo haipitishi joto upesi. Bati ni chuma, tena jembamba, na joto la jioni hulipita mara moja. Fulana ya sufu hufanya kazi hiyo hiyo, na manyoya ya kuku pia. Watu wa Minnesota hutandika darini kitu kama godoro la nyuzi za kioo, na katika nyumba za zamani twakuta walijaza unga wa mbao ukutani, hata magazeti. Madirisha huwekewa dirisha la pili kwa nje, ili hewa ikae kati ya vioo viwili. Na baridi yenyewe si ya kuchezea. Kusini mwa jimbo hilo sheria ya ujenzi yataka msingi wa nyumba ushuke futi 3 na nusu ardhini, kwa kuwa udongo huganda, na udongo ukiganda huinua nyumba.

Hayo yote yule mzee alitueleza. Tulimsikia, tukaenda kupaka rangi.

Usiku mmoja wa Desemba kipimajoto kilishuka hata digrii 25 chini ya sifuri. Alfajiri tulifungua mfereji wa jikoni, pasitoke kitu. Saa mbili baadaye tukasikia mlio kama wa fimbo ikivunjika. Maji yakiganda huongezeka ukubwa, karibu sehemu 9 katika kila 100. Barafu huwa kizibo ndani ya bomba, na maji yaliyonaswa kati ya kizibo hicho na mfereji uliofungwa hubanwa, hayana pa kwenda, hata bomba la shaba hupasuka. Wenyeji huacha mfereji ukitiririka kidogo usiku wa namna hiyo, na kufungua milango ya kabati la jikoni ili joto lifike kwenye mabomba. Sisi tulikuwa tumefunga vyote vizuri, kama watu wasafi. Barafu ilipoyeyuka, maji yakamwagika sakafuni, yakashuka chini, yakalowesha vitabu vya mmoja wetu na nguo za watoto zilizokuwa sandukuni.

Tulisimama pale na ndoo. Hakuna aliyesema "nilikwambia." Labda kama lingesemwa neno hilo siku ile, tusingekuwa hapa leo kuzungumza nanyi pamoja.

Jioni yake tulianza kazi tuliyopaswa kuifanya Septemba. Mzee alitufundisha kutafuta nyufa kwa mshumaa. Mmoja ashika mshumaa karibu na ukuta, mbali na mapazia, aende nao polepole. Mwingine afuata na chaki. Ndimi ya moto ikilala, hapo pana tundu. Tulishangaa sana. Ule mlango mkubwa tuliokuwa tukiulaumu ulikuwa mzima. Baridi ilikuwa ikiingia pale mbao za ukuta zilipokalia mawe ya msingi, na kandokando ya bomba la sinki, na kwenye upenyo mwembamba wa dirisha uliopitwa na kamba. Tundu la kidole hapa, ufa wa kisu pale. Tukazijumlisha zote kwa kukisia, zikawa kama dirisha moja lililoachwa wazi usiku kucha.

Twawaambia ukweli, ile kazi ya mshumaa ndiyo iliyoturudisha. Huwezi kushika mshumaa na chaki watu wawili bila kusemezana. Tulianza na maneno ya "hapa" na "pale", baadaye tukafika kwenye mambo mengine. Nyumba yetu sisi ilikuwa imepoa tangu zamani, kabla hata hatujapanda ndege. Kila mmoja alikuwa akiongeza moto kwa njia yake: zawadi, sala ndefu mbele ya wageni, chakula kizuri siku ya Jumapili. Lakini nyufa zilikuwa ndogo ndogo. Mmoja alikuwa akimcheka mwenzake mbele ya watu. Mwingine alikuwa akituma fedha nyumbani kwao bila kusema. Salamu ya asubuhi ilikuwa imekoma, na hakuna aliyekumbuka ni lini. Zile tuliziandika pia, si kwa chaki, nasi twakiri kwamba nyingine tungali twaziziba hata leo.

Hapa wengi wangekomesha habari, lakini kuna jambo lingine, nalo ndilo lililotufanya tuombe nafasi hii ya redio.

Tulipomaliza kuziba, tulimwita mzee aje aone. Aliipita nyumba yote, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza, "Mmeziba vizuri sana. Sasa moto wenu utapumua wapi?" Tukamwambia kwamba nyumba sasa ina joto, ila siku hizi twaamka na kichwa kinachouma, na mtoto mdogo hutapika asubuhi, twadhani ni uchovu. Akauliza kama kichwa hupona tukitoka nje. Tukatazamana. Ndiyo, kila Jumapili tulipofika kanisani kilikuwa kimepoa, nasi tulikuwa tukimshukuru Mungu kwa uponyaji.

Mzee hakusubiri. Alituamuru tutoke sote na watoto, akazima tanuri la gesi lililokuwa chumba cha chini, akamwita fundi. Fundi alikuta kiota cha ndege ndani ya bomba la moshi. Hewa mbaya ya tanuri, ambayo zamani ilikuwa ikipotelea katika nyufa, sasa ilikuwa ikirudi kwetu. Hewa hiyo huitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu kupita hewa safi, kwa zaidi ya mara 200, hata damu ikakosa nafasi ya kubeba ile tunayoihitaji. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, husikia kichefuchefu, hulegea, kisha hulala, na huenda asiamke.

Ndugu zetu wa Limuru, wa Kinangop, wa Molo na Timboroa, ninyi hamna theluji mlangoni, lakini mwaijua baridi ya Juni hadi Agosti. Na twajua mnavyofanya. Jiko la makaa huwashwa nje, moshi ukiisha huingizwa chumbani, mlango hufungwa, na vitambaa hutiwa chini ya mlango. Watu husema makaa yakiwa mekundu, bila moshi, hayana hatari. Si kweli. Makaa mekundu ndiyo hutoa hewa ile, nanyi hamwezi kuiona. Kila mwaka twasikia habari za jamaa waliolala na jiko na kukutwa asubuhi. Wengine walikuwa watu wa kanisa, waliofanya ibada ya jioni kabla ya kulala. Mkimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, fungueni mlango, mtoeni nje kwenye hewa safi upesi, kisha mpelekeni hospitali, hata akisema ameshapona.

Twalisema pia kwa nyumba za namna nyingine. Kuna jamaa za Kikristo zilizoziba kila tundu. Mume akipiga mke, hakuna atakayejua. Kijana akilewa, husemwa ana homa. Twaita hiyo siri ya nyumbani. Nasi tulikuwa hivyo. Laiti mzee yule asingeuliza habari ya kichwa, tungejibu kwamba twamshukuru Mungu, hatujambo. Mtu mmoja mwaminifu anayeruhusiwa kuuliza ni dirisha. Awe mchungaji, au mama wa kanisa, au jirani, lakini awepo.

Wengine mtatuuliza: je, kujishughulisha na mabomba na blanketi si upungufu wa imani? Someni barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 4. Paulo yu kifungoni, anajua mwisho wake u karibu, ameandika maneno makuu juu ya taji ya haki. Mistari michache tu baadaye aagiza joho lake alilomwachia Karpo kule Troa, pamoja na vitabu vyake, na Timotheo ahimizwa kuja kabla ya majira ya baridi. Mtume aliyekuwa tayari kufa hakuona haya kuomba joho, wala hakungoja hata baridi ifike ndipo aliombe.

Muda wetu umekwisha. Ninyi mnaotusikia usiku huu mkiota moto, kabla hamjalala, litoeni jiko nje, na acheni dirisha wazi kidogo. Kwaherini.