Binti Aliyeacha Kushika Kikombe

 

Leo tunamzungumzia binti aliyekua vyema, akaita "mama", akashika kikombe. Kisha, mara nyingi kati ya miezi 6 na 18, akaanza kurudi nyuma. Maneno yakapotea. Mikono ikaacha kushika vitu, ikawa inasuguana kutwa nzima kana kwamba ananawa.

Hali hii huitwa ugonjwa wa Rett, kwa jina la Andreas Rett, daktari wa Austria aliyeueleza mwaka wa 1966. Humpata msichana mmoja hivi kati ya 10,000.

Je, chanzo ni nini? Ndani ya seli za mwili mna jeni, yaani maagizo ya kuujenga mwili. Baadhi ya jeni husimamia zingine kama nyapara shambani: wewe fanya kazi, wewe pumzika. Msimamizi mmoja anayehitajika sana na ubongo huitwa MECP2. Mwaka wa 1999, maabara ya Dkt. Huda Zoghbi huko Marekani iligundua kuwa kasoro katika jeni hii ndiyo huleta Rett.

Sikiliza vyema, mama. Karibu kila mara kasoro hiyo hutokea upya, bila kurithiwa. Si laana, si uchawi, wala si chakula ulichokula ukiwa mja mzito. Usikubali kulaumiwa, wala usimlaumu baba.

Tena, katika Rett seli za ubongo hazifi kama zinavyokufa katika ugonjwa wa Alzheimer wa wazee. Zipo, ila zimekosa mwongozo. Mwaka wa 2007, wanasayansi wa Edinburgh waliwarudishia panya jeni hiyo, na dalili zikapungua. Kwa binadamu bado hakuna dawa ya kuponya kabisa, lakini matunzo yapo.

Ufanye nini? Mtoto akipoteza alichokwisha kujua, usingoje. Mpeleke hospitali upesi, kwani si kila anayerudi nyuma ana Rett. Huenda ni kifafa au masikio, na hayo hushughulikiwa. Mwenye Rett naye husaidiwa kwa dawa za kifafa, lishe bora na mazoezi ya kuzuia viungo visikakamae.

Na usiache kuzungumza naye. Mwonyeshe kikombe cha maji na cha uji, kisha tazama macho yake. Wengi wao huchagua kwa macho.